Jacques na Berthe Lipchitz, walivyochorwa na Modigliani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Chapa ya picha hii iko ukutani sebuleni kwangu, mkabala na mlango. Anayebisha hodi huiona kabla hajaniona mimi, na maswali huanza hata chai haijamiminwa. Mengine huletwa na wanafunzi, mengine na watu walioiona kwenye simu ya mtu. Nimekusanya hapa yale yanayorudiwa. Jibu likihitaji jingine, nimeelekeza pa kusoma.

## Ya msingi

Hawa ni nani, na nani kawachora?

Mwanamume ni Jacques Lipchitz, mchongaji, aliyezaliwa mwaka 1891 huko Druskininkai, mji ulio Lithuania ya leo. Wakati ule ulikuwa chini ya Urusi. Aliyeketi mbele yake ni mkewe, Berthe Kitrosser, mshairi aliyetoka pia katika himaya hiyo ya Urusi. Aliyewachora ni Amedeo Modigliani, Mwitaliano wa Livorno, mzaliwa wa 1884. Picha ni ya mwaka 1916, na wote watatu walikuwa wageni Paris, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea.

Majina yao yanatamkwaje?

Modigliani: g haisikiki, sema "Modiliani". Lipchitz: "Lipshits". Wafaransa waliomzoea Modigliani walimwita Modi, jina ambalo kwa Kifaransa linalingana kimatamshi na neno la "aliyelaaniwa". Waandishi wa maisha yake wameupenda mno utani huo, hadi mtu anasahau kwamba huyu alikuwa mfanyakazi.

Picha halisi iko wapi? Ni kubwa?

Iko Art Institute of Chicago, Marekani. Si kubwa kama watu wanavyodhani: takribani sentimita 81 kwa 54, rangi za mafuta juu ya turubai. Inazidi kidogo tu kimo cha meza ya kulia chakula, kuanzia sakafuni hadi ubaoni. Namna ilivyofika Chicago ni hadithi peke yake, angalia "Kwa nini Lipchitz hakubaki nayo?"

Mchoraji na mchongaji walijuanaje?

Kwa simulizi ya Lipchitz mwenyewe, mshairi Max Jacob ndiye aliyewakutanisha mwaka 1913 katika bustani ya Luxembourg, Paris. Hawajazungumza sana, Modigliani akaanza kughani beti za Dante, mshairi wa kale wa Italia, kwa sauti ya juu. Kijana Lipchitz hakuelewa Kiitaliano, lakini hakumsahau tena mtu yule. Wote wawili walikuwa Wayahudi, wote wahamiaji, na wote walikuwa na jiwe moyoni: Modigliani wakati huo alijihesabu mchongaji kwanza.

Baadaye Lipchitz ndiye aliyemtambulisha Modigliani kwa Chaim Soutine, mchoraji maskini kuliko wote, na urafiki wa wawili hao nao ukazaa picha kadhaa.

Mbona huyu mama kama amekasirika?

Hili ndilo swali la kwanza la mama mkwe wangu, na la wageni wengi baada yake. Sidhani amekasirika. Tazama mkao: mke kwenye kiti, mume kasimama, wote wameelekea mbele. Ni mkao wa studio ya picha. Na kweli, Lipchitz alieleza kwamba baada ya kujaribu mikao mbalimbali waliamua kufuata picha yao ya harusi.

Kama umekulia katika nyumba yenye picha ya babu na bibi iliyopigwa studio, Mombasa au Unguja au Tabora, unaujua uso huo. Zamani mtu hakucheka mbele ya kamera. Ulivaa vizuri, ukanyooka, ukangoja. Modigliani aliuchukua ukakamavu huo na kuuacha kama ulivyo, kisha akawatofautisha watu wake kwa mambo madogo: uso wa mume mdogo, mkavu, wenye ujanja kidogo, uso wa mke mrefu zaidi na mtulivu. Kwa macho yangu, Berthe ndiye mwenye nyumba katika picha hii. Jacques anaonekana kama mtu aliyeingia kidogo tu akiwa njiani kurudi kazini.

## Siku zenyewe za kuchorwa

Nani aliyetaka picha ichorwe?

Lipchitz. Mwaka 1916 alikuwa amepata mkataba na mfanyabiashara wa sanaa Léonce Rosenberg, na kwa mara ya kwanza mfukoni mwake mlikuwa na fedha za kueleweka. Modigliani hakuwa nazo. Alikuwa akizunguka mikahawa ya Montparnasse, mtaa wa wasanii huko Paris, akiwachora watu kwa kalamu, wakimlipa faranga chache au glasi ya kinywaji. Lipchitz na mkewe, wenye ndoa changa, wakaona waagize picha.

Modigliani alitaja bei: faranga 10 kwa kila kikao, na pombe kidogo.

Alichora kwa muda gani?

Siku ya kwanza hakugusa rangi. Alichora michoro ya penseli mmoja baada ya mwingine, upesi na bila kusitasita, mpaka mkao ukapatikana. Kesho yake saa saba mchana akarudi na turubai kuukuu na kisanduku chake cha vifaa. Hakuwa na fremu ya kusimamishia kazi. Aliiegemeza turubai kwenye kiti, naye akaketi mbele yake. Akafanya kazi kimya, mara mojamoja akinyoosha mkono kwenye chupa iliyokuwa karibu, mara mojamoja akisimama kutazama picha kisha watu, watu kisha picha.

Jioni akasema nadhani imekwisha.

Kwa hesabu ya kawaida hapo kazi ingeishia. Modigliani alipendelea kumaliza picha kwa kikao kimoja. Lakini hii ilichukua karibu wiki mbili, muda ambao Lipchitz aliamini ni mrefu kuliko ambao rafiki yake aliwahi kuutumia kwenye picha yoyote.

Kama ilikwisha siku moja, wiki mbili zilikuwa za nini?

Hapa ndipo ninapoipendea picha hii.

Jioni ile Lipchitz na mkewe waliitazama kazi, wakaipenda, kisha wakaona aibu. Walipatana kwa kikao, na kikao kilikuwa kimoja. Kwa hiyo deni lilikuwa faranga 10, kwa picha ambayo wao, watu wa sanaa, walijua thamani yake ni zaidi ya hapo. Kumpa Modigliani fedha za ziada mkononi haikuwezekana. Alikuwa fukara mwenye kiburi, na msaada wa waziwazi ungemuudhi.

Lipchitz akatafuta njia ya stara. Akasema kwamba yeye ni mchongaji, amezoea vitu vyenye uzito. Je, haiwezekani picha ikaendelea kidogo, ikapata nyama zaidi? Modigliani akamjibu kwamba kama wanataka aiharibu, basi, ataendelea. Akaendelea. Kila siku kikao, kila kikao faranga 10.

Waswahili tunaijua mbinu hii hata kama hatujawahi kuipa jina. Jirani yako hana kitu, na ukimpa noti ataona umemdhalilisha. Unamwita akufyekee ua ambao ulishafyekwa wiki iliyopita. Kilichomo Chicago leo, kwa sehemu fulani, ni ua uliofyekwa mara ya pili.

Je, aliiharibu kweli?

Mimi nasema hapana, na wapo wanaosema ndiyo. Ukiiweka kando ya picha zake za haraka za miaka hiyo, hii imeshiba rangi zaidi. Zile nyingine zina wepesi, unaona brashi ilivyokimbia. Hapa nguo na ukuta wa nyuma, hudhurungi na kijivu na nyeusi, vimefanyiwa kazi tena na tena. Mwanafunzi wangu mmoja alisema inaonekana "imepikwa sana". Sawa, lakini uzito huo unawafaa hawa wawili: mmoja anaishi kwa kuchonga mawe, na wote wawili wamekaa kama waliochongwa.

Ni kweli alikuwa mlevi aliyechora akiwa hajitambui?

Alikunywa, na alivuta bangi. Marafiki zake hawakuficha. Lakini tangu ujanani alikuwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati ule watu waliuogopa na kumkimbia mwenye nao, na wapo wanaoamini kwamba sehemu ya ulevi wake ilikuwa ya kuuficha. Kuhusu kuchora bila kujitambua, ushahidi wa Lipchitz unatosha: mtu anayefanya kazi kimya mchana kutwa, anayejua lini imekwisha, na anayejua pia kwamba kuongeza ni kuharibu.

## Shingo, macho na vinyago

Mbona watu wake wana shingo ndefu na nyuso kama vinyago?

Kwa sababu alizijifunza nyuso hizo kwenye jiwe. Kati ya mwaka 1909 na 1914 hivi Modigliani alichonga zaidi kuliko alivyochora, kwa mwongozo wa jirani na rafiki yake Constantin Brancusi, Mromania. Vichwa vya mawe vipatavyo 25 vimebaki: virefu, pua kama kisu, mdomo mdogo, macho ya umbo la lozi. Saba kati yake alivionyesha kwenye maonyesho ya Salon d'Automne mwaka 1912. Alipoacha jiwe, nyuso zile zilihamia kwenye turubai pamoja naye.

Katika picha ya akina Lipchitz urefu huo ni wa kiasi. Zile shingo za twiga ambazo watu wanazikumbuka ni za miaka iliyofuata, hasa picha za mpenzi wake Jeanne Hébuterne.

Aliiba kwetu?

"Kwetu" ni pana mno, tuanze na hapo. Vinyago ambavyo wasomi huvitaja kuhusiana na Modigliani vinatoka Afrika Magharibi, hasa vya Wabaule wa Kodivaa, si vya Wamakonde wala vya pwani yetu. Aliviona Paris, kwenye jumba la makumbusho la Trocadéro na kwa wauzaji, na vilifika huko kwa njia za ukoloni. Alitazama pia sanamu za kale za Misri, za Ugiriki na za Khmer, yaani Kambodia. Lipchitz naye alianza kununua sanaa ya Afrika tangu akiwa mwanafunzi, akaendelea maisha yake yote, mkusanyiko ukawa mkubwa.

Neno "kuiba" silipendi kwa mstari wa pua, maana mistari ya pua hujifunzwa na kila mchongaji kwa mwingine. Linalonikera ni hili: jina la Modigliani liko kwenye kibandiko ukutani, la fundi Mbaule halikuandikwa popote, na hakuna aliyemuuliza.

Kuna jambo moja ambalo mchongaji wa Mtwara angelielewa mara moja. Modigliani alishikilia kwamba uchongaji uliharibika kwa kufinyanga udongo kisha kuutia shaba, na kwamba dawa ni kulikabili jiwe lenyewe, nyundo na tindo, bila mfano wa udongo. Fundi wa mpingo hajawahi kufanya vingine.

Kwa nini basi aliacha kuchonga?

Sababu hutajwa kadhaa na huenda zote ni kweli. Vumbi la chokaa na kifua kibovu havikai pamoja. Jiwe ni ghali na zito, hasa kwa mtu anayehamishwa chumba kila kukicha kwa kukosa kodi. Kisha vita vikaanza 1914, ujenzi ukasimama Paris, na mawe nayo yakawa adimu. Turubai unaikunja kwapani ukaondoka.

Fikiria basi jioni ile ya 1916: mchongaji aliyeshindwa kuendelea kuchonga, anamchora mchongaji mwenye mkataba, na huyu anamwambia "mimi ni mchongaji, nataka uzito zaidi". Lipchitz hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini sijui kama neno lile halikuchoma.

Aliwachora wasanii wengine pia?

Wengi, ukipenda ni daftari la mahudhurio ya Montparnasse: Diego Rivera, Pablo Picasso, Juan Gris, Moïse Kisling, Max Jacob, Jean Cocteau, na Soutine mara kadhaa. Picha yenye watu wawili, hata hivyo, ni nadra sana kwake. Kuna nyingine ya bwana na bibi harusi iliyoko Museum of Modern Art, New York, na watu huzichanganya. Ukiona bwana aliyevaa kofia ndefu na tai, hiyo si ya akina Lipchitz.

## Baada ya 1916

Kwa nini Lipchitz hakubaki nayo?

Ilining'inia kwake miaka kadhaa. Kufikia mwaka 1920 hivi, Lipchitz alizichoka baadhi ya sanamu zake za mwanzo zilizokuwa mikononi mwa Rosenberg. Aliona hazimwakilishi tena. Akaomba azirudishiwe. Rosenberg akataja fedha ambazo Lipchitz hakuwa nazo. Kitu pekee cha thamani alichoweza kutoa kilikuwa picha yake na mkewe.

Akaitoa. Akapewa mawe yake. Akayavunja.

Wageni wangu hapo hugawanyika. Wengine husema alimsaliti Modigliani, aliyekuwa amefariki. Mimi naona mchongaji aliyekuwa tayari kulipa chochote ili kazi mbovu isibaki na jina lake, na mtu aliyemwelewa Modigliani angeelewa hilo. Ingawa nakiri, kama ingekuwa mimi, ningeuza meza kwanza.

Ilifikaje Chicago?

Iliingia katika mkusanyiko wa Frederic Clay Bartlett, mchoraji tajiri wa Chicago, na mkewe Helen Birch Bartlett. Helen alifariki 1925, na mwaka 1926 mumewe akaukabidhi mkusanyiko kwa Art Institute kwa kumbukumbu yake. Katika zawadi hiyo hiyo mlikuwa na Jumapili ya kisiwa cha La Grande Jatte, ya Georges Seurat, picha ambayo watu wengi huiendea Chicago mahususi. Akina Lipchitz hupitwa na umati unaomkimbilia Seurat.

Lipchitz naye aliwahi kumchonga Modigliani?

Kwa namna moja, na si namna ambayo angeichagua. Modigliani alifariki hospitalini Paris tarehe 24 Januari 1920, kifua kikuu kikiwa kimefika kwenye utando wa ubongo. Alikuwa na miaka 35. Ndani ya siku mbili Jeanne Hébuterne, mjamzito wa karibu miezi tisa, naye alijiua. Wakamwacha binti mdogo, aliyelelewa na ndugu wa baba huko Italia.

Kisling na mwenzake Conrad Moricand walijaribu kuuchukua uso wa marehemu kwa plasta. Hawakuwa mafundi wa kazi hiyo. Plasta ikavunjika vipande, na vipande wakampelekea Lipchitz. Yeye akaviunganisha, akaziba palipokosekana, akatoa nakala 12 za plasta na kuzigawa kwa ndugu na marafiki. Huo ndio uso wa Modigliani unaouona kwenye makumbusho. Jacques alichorwa na rafiki yake kwa wiki mbili. Rafiki yake alimwijia akiwa vipande mezani.

Berthe aliishia wapi?

Mwaka 1941 yeye na Jacques walikimbia Ufaransa iliyotekwa na Wanazi, wakafika New York. Baada ya vita, mwaka 1946, walirudi Paris, lakini Jacques akaamua kuishi Marekani na Berthe akabaki Ufaransa. Ndoa ikaishia hapo. Jacques alioa tena. Alifariki Capri, Italia, mwaka 1973, akazikwa Jerusalem. Picha imedumu pamoja kuliko ndoa.

## Ya pembeni

Ikiuzwa leo itakuwa bei gani?

Haiuzwi. Kwa kulinganisha tu: picha ya mwanamke aliyelala uchi, ya Modigliani, iliuzwa New York Novemba 2015 kwa dola milioni 170.4, na nyingine ya jamii hiyo mwaka 2018 kwa dola milioni 157.2. Kichwa cha jiwe kilifika dola milioni 70.7 mwaka 2014. Hesabu hizo kwa faranga 10 za kikao usizifanye ukiwa na njaa.

Nimeona Modigliani inauzwa mtandaoni, ya kweli?

Karibu hakika si ya kweli. Huyu ni miongoni mwa wachoraji wanaoghushiwa zaidi duniani. Orodha ya Ambrogio Ceroni, ambayo soko huitegemea, ina picha 337 tu. Isiyomo humo hupata taabu kuuzwa hata kama ni halali. Mwaka 2017 maonyesho ya Genoa yalifungwa kabla ya wakati na picha zikashikiliwa na polisi.

Kisa ninachokipenda ni cha Livorno, 1984. Ilikuwepo hadithi ya zamani kwamba Modigliani alitupa vichwa vya mawe mferejini baada ya rafiki zake kumcheka. Wakachimba, vikatoka vichwa vitatu, wataalamu wakashangilia. Kisha wanafunzi wakajitokeza na kusema kimoja ni chao, wamekichonga kwa mashine ya kutobolea ya nyumbani, wakaenda kwenye televisheni kuchonga kingine mbele ya watu. Vile viwili vilivyobaki vilikuwa vya kijana mwingine wa mjini.

Chapa yako uliipataje?

Modigliani amefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, na Art Institute imeiweka picha kwenye tovuti yake upakue bure, kwa ubora mkubwa. Chapisha kwa A1: karatasi ni sentimita 84.1 kwa 59.4, kwa hiyo picha inakaa kwa ukubwa wake halisi na unabakiza ukingo mweupe wa kukatia.

Omba kipande cha majaribio kwanza, uso wa Berthe peke yake. Mimi sikuomba. Duka moja lilinitolea chapa iliyokolea njano, wote wawili kama wana homa ya ini, nikalipa kwa sababu kosa lilikuwa langu la kutokagua. Hiyo iko jikoni nyuma ya mlango. Ya sebuleni ni ya pili, kwenye karatasi isiyong'aa, maana inayong'aa ikipigwa na mwanga wa dirishani Jacques hutoweka kabisa, anabaki Berthe.